Mita Mia Tatu na Tisini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima kitu chochote. Nilibeba vigingi. Vilikuwa ishirini na vinne, vya mti mbichi, vimefungwa kwa kamba ya katani, na nilivibeba begani kutoka pale gari lilipokwama hadi kwenye kijito ambacho jina lake limenitoka. Nilikuwa nimefika kutoka Tukuyu wiki moja nyuma, cheti changu cha fundi sanifu bado kimo kwenye bahasha ya kaki. Kwetu ukisema baridi unamaanisha mvua na ukungu. Baridi ya Sumbawanga ni ya aina nyingine: anga safi, jua linawaka, na upepo unapita kwenye sweta kana kwamba hujavaa. Jioni niliporudi kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Malangali, bega lilikuwa limevimba, na nikawaza kwamba kama upimaji ndio huu, bora ningebaki nyumbani nikachuma chai.

Aliyenibebesha vigingi alikuwa Mzee Ladislaus, mtu wa Kaengesa. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mshika futikamba. Ukweli ni kwamba ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na futikamba ya chuma ya mita hamsini, ambayo aliifuta kwa kitambaa cha mafuta kila jioni kabla hajanawa mikono yake mwenyewe, na alikuwa na jicho la kuona mteremko mahali mimi nilipoona uwanja.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia asubuhi moja wiki hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Basi hatuanzi. Nenda kale. Jana nilikusomea tisa ukaandika sita."

Alikuwa sahihi, nilikuwa nimeandika sita. Kwake namba ilisomwa kwa sauti mara mbili, na anayeandika aliirudia kabla kalamu haijagusa karatasi. Kamba ilivutwa mpaka isilegee. Ukipima kiwanja kwa ajili ya ramani, unaishika kamba ikiwa imelala sawasawa hewani, kwa sababu ramani haijui mlima. Ukipima njia ya bomba, unailaza kamba chini, ifuate ardhi inavyopanda na kushuka. "Bomba halirukii hewani," aliniambia. "Linalala hapa." Akapiga chini kwa kisigino. Alikuwa na kasoro zake pia. Alikuwa mbishi, hakupenda kusahihishwa mbele za watu, na Jumatatu asubuhi hakufaa kitu.

Tulitembea pamoja miaka mingi. Tulipima njia za maji kwenye uwanda wote wa Ufipa, kwenye mashamba ya mahindi na ulezi, kwenye mabonde ambayo mvua zikianza hayapitiki kwa miguu wala kwa pikipiki. Kilomita tano zilituchukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Nilikuwa nikilalamika. Nawaambia hivyo ninyi mnaopima leo ili msidhani kwamba zamani tuliipenda futikamba. Ilikata vidole, ilinasa kwenye vichaka, na ikipata kutu ilinuka mikononi hadi kwenye ugali.

Mzee Ladislaus alistaafu muda mfupi kabla ofisi haijapata kifaa chake cha kwanza cha GPS cha mkononi. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kioo kidogo cha rangi moja, betri mbili za tochi. Dereva alikuwa wa kwanza kukipenda, kwa sababu kilimwonyesha mwendo wa gari ambao dashibodi yake ilishaacha kumwonyesha. Mimi nilikipenda wiki ya pili. Nilikwenda nacho kwenye uwanja mmoja wa mpira kule Milanzi, nikauzunguka mara kumi kwa kufuata mistari, nikalinganisha na futikamba. Tofauti ilikuwa ya hatua chache tu. Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi wakaniuliza, "Mama, unatafuta madini?" Nikawaambia ndiyo, wakanipisha.

Injinia wetu, mkuu wa kitengo, aliniuliza kama kinaaminika. Nikasema kinaaminika. Futikamba ikaenda stoo. Sikuongeza kwamba nilikuwa nimekijaribu mahali tambarare, peupe, pasipo na mti, mteremko wala njia inayojipinda. Nami sikujua kama hilo lilistahili kusemwa.

Sasa niwaeleze kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wenu mnakitumia bila kujiuliza. Hakipimi njia. Kila baada ya muda kinauliza setilaiti kiko wapi, kinaweka nukta, halafu kinaunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka na kujumlisha urefu wake. Ukipita kwenye barabara iliyonyooka, mstari na barabara ni kitu kimoja. Ukipita kwenye njia inayojipinda mlimani na nukta zako ziko mbali mbali, kona zote zilizo katikati zinakatwa, kana kwamba uliruka. Kibaya zaidi, vifaa vingi vinajumlisha urefu wa ramani, wala si wa ardhi. Mteremko mkali vinauona bapa. Na chini ya miti mikubwa vinaweza kupoteza setilaiti kabisa, kisha vikaunganisha pale ulipoingia na pale ulipotokea. Haya yote nayajua vizuri. Nilijifunza kwa mtu mmoja nitakayemwita Krispin, ingawa hilo si jina lake la ubatizo. Kijiji chake sitakitaja, kwa sababu bado anaishi hapo.

Ni kijiji cha ukingoni, pale uwanda unapoisha na ardhi inaanza kushukia bonde la Rukwa. Chemchemi iko juu kwenye vilima. Njia ya kutoka huko inashuka kwa kujipindapinda kwenye miombo, inavuka makorongo mawili, inapita kwenye mashamba ya ulezi, inaishia kitongoji cha mwisho ilipo shule ya msingi. Maji yangeshuka yenyewe, bila pampu. Kazi yangu ilikuwa kusema bomba liwe na urefu gani.

Nilipima kwa asubuhi moja. Wiki hiyo nilikuwa na vijiji vingine viwili, na kumbukumbu ya kifaa ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilikipangia kiweke nukta moja kila dakika ili nafasi isiishe. Kikaniambia mita elfu nne mia tatu na themanini. Tukaongeza mia na ishirini kwa ajili ya maungio na vipande vitakavyoharibika. Jumla elfu nne na mia tano: roli arobaini na tano za bomba jeusi la plastiki, kila roli mita mia.

Roli zikaletwa na lori, zikafungiwa kwenye chumba cha ghala la kijiji. Ufunguo akapewa Krispin, mtunza stoo wa kamati ya maji. Alikuwa mkulima wa ulezi, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwalimu wa kwaya kanisani. Kila kaya ikapewa kipande chake cha mtaro, na watu wakachimba miezi miwili. Bomba lilizikwa siku hiyo hiyo lilipolazwa, kwa sababu ya jua, ng'ombe, na moto wa kusafishia mashamba. Wakashuka hivyo kutoka chemchemi, roli baada ya roli. Roli ya arobaini na tano ilipoisha, mdomo wa bomba ulikuwa katikati ya shamba la ulezi. Mbele yake mtaro mtupu uliendelea hadi shuleni, na kila aliyepita aliuona.

Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu ofisini. Injinia akafungua faili.

"Njia ni elfu nne mia tatu na themanini," alisema. "Mabomba ni elfu nne na mia tano. Yanatosha na kubaki. Mama Tumpe, ulipima wewe?"

"Nilipima mimi."

"Una uhakika?"

Nikamjibu, "Mashine haina ndugu kijijini."

Dereva alicheka. Nimesema mambo mengi ya kipumbavu katika miaka ya kazi, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa nafua nguo, nikiwa kwenye foleni ya benki, popote. Maana jibu hilo lilirudi kijijini kwa simu kabla ya saa sita mchana. Kama mashine haikosei, basi roli kadhaa hazikufika mtaroni. Na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja.

Krispin aliondolewa kwenye kamati. Kituo cha polisi kilimwita mara mbili kuandika maelezo, mara mbili akarudi jioni kwa miguu. Kwaya akapewa mwingine ashike kwanza, "mpaka mambo yatulie". Alisema roli zote arobaini na tano ziko chini ya ardhi, kwamba aliyetaka afukue ahesabu. Nani angefukua? Watu walikuwa wamechimba miezi miwili kwa mikono yao. Kamati ikampa mpaka mwisho wa mwezi awe amerudisha roli.

Mimi nilitumwa kwenda kuandika taarifa ya upotevu. Nilitakiwa kuipita njia tena, kuonyesha bomba limeishia wapi, na kuthibitisha urefu. Pikipiki ikanifikisha karibu na chemchemi saa mbili asubuhi. Nikawasha kifaa, nikasubiri setilaiti, nikaanza kushuka.

Sikwenda mbali nikakuta shimo. Lilikuwa dogo, la kutosha mtu kuchuchumaa, na ndani yake bomba lilionekana likiwa na kiungio. Mbele kidogo kulikuwa na lingine, kisha lingine. Nikawa naandika kifaa kinasema nini kwenye kila shimo, si kwa kushuku chochote, ila ni mazoea tu. Mtu aliyefundishwa na Mzee Ladislaus hapiti alama bila kuandika. Shimo la kwanza, tisini na nne. La nne, mia tatu na sitini na moja. La saba, mia sita na kumi na saba.

Mtu gani anachimba hovyo hivi, nilijiuliza.

Nilimkuta kwenye shimo la kumi na tisa, sururu mkononi, viganja vimefungwa vipande vya kanga.

"Habari za kazi," nilisema.

"Nzuri, mtaalamu. Pita upande wa juu, usije ukadondoka."

"Unatafuta nini?"

"Maungio." Hakuacha kuchimba. "Roli arobaini na tano zina maungio arobaini na manne. Nikiyatoa yote nje, mtahesabu wenyewe."

"Peke yako?"

"Na nani tena?"

"Tangu lini?"

"Leo siku ya tisa."

"Unajuaje pa kuchimba?"

Akanionyesha kamba ya katani iliyokunjwa pembeni. Aliikata urefu sawasawa na roli moja. Alikuwa akiilaza ardhini kuanzia kiungio alichokifukua, akiifuata njia kila inapokata kona, na ilipoishia hapo ndipo alipopiga sururu. Mara mbili tu alikosea, kwenye korongo, akafukia na kuchimba upya.

Nikatazama kifaa changu. Mita elfu moja mia sita na hamsini na tano. Nilikuwa nimesimama kwenye kiungio cha kumi na tisa. Kumi na tisa mara mia ni elfu moja na mia tisa, hata kama ungepunguza kidogo kwa sababu bomba halinyooki kama kamba. Mita zaidi ya mia mbili zilikuwa zimepotea, na hatujafika hata nusu ya njia. Hazikuibwa na mtu. Zilikuwa huko nyuma yangu kwenye zile kona, kila moja mahali pake.

Nilikaa kwenye udongo wa shimo lake. Sitawadanganya kwamba niliamua papo hapo. Wazo langu la kwanza lilikuwa nitamwambia nini Injinia. La pili lilikuwa baya zaidi: kwamba mwisho wa mwezi umekaribia, mawingu yameanza kukusanyika, na mvua ikinyesha mara moja tu mashimo haya yatajaa tope na hakuna atakayehesabu chochote. Hakuna aliyeijua ile nukta ya kila dakika isipokuwa mimi. Nilikaa na wazo hilo muda wa kutosha kukubali kwamba ni langu mwenyewe.

Krispin aliacha kuchimba. "Mtaalamu, unaumwa?"

"Krispin," nilisema, "shimo la ishirini usichimbe kwanza."

"Kwa nini?"

"Nadhani hujakosea. Nadhani nimekosea mimi. Nipe siku mbili nilete futikamba."

Hakuuliza nimekosea nini. Akasema, "Siku mbili nitakuwa shimo la ishirini na nne." Akainua sururu.

Futikamba niliikuta stoo nyuma ya mifuko ya saruji iliyoganda, ina kutu mpaka mita ya thelathini. Niliifuta usiku kucha, au ndivyo mikono yangu ilivyodhani. Nilirudi siku niliyoahidi. Mwenyekiti alitembea nasi akiwa shahidi, Krispin akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukailaza chini kuanzia chemchemi. Ilituchukua siku mbili. Kila namba niliisoma mara mbili na mwenyekiti akairudia. Kwenye kila mita mia, hatua moja mbele au nyuma, kulikuwa na kiungio. Pale ambapo Krispin alikuwa bado hajachimba, tulichagua alama sita za mita mia tukachimba, na mara zote sita tulikikuta. Roli ya arobaini na tano iliishia pale pale kwenye shamba la ulezi. Kutoka chemchemi hadi ukuta wa shule zilikuwa mita elfu nne mia nane na tisini. Upungufu: mita mia tatu na tisini. Roli nne ambazo hazikuwahi kununuliwa.

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa tutawaambiaje watu?" aliuliza.

Injinia naye alikuwa na swali hilo hilo. "Waambie mashine ilikuwa na hitilafu," alinishauri.

"Haikuwa na hitilafu, mkuu. Nukta ya kila dakika niliipanga mimi. Na mteremko niliusahau."

Alifunga faili. Alikuwa mtu wa haki, ingawa hakupenda kusumbuliwa nayo. "Basi sema unavyojua," alisema. "Lakini mkutano utaongea wewe."

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya ofisi ya kijiji. Nilianza kueleza setilaiti, nikaona nyuso zinafungwa. Nikaacha. Nikaomba kamba ya Krispin. Nikailaza chini ikiwa imejipinda kama ile njia, kona moja baada ya nyingine, nikaweka jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Kisha nikamwomba mama mmoja ashike ncha iliyokuwa kwenye jiwe la mwisho na aivute mpaka inyooke. Alitembea, akapita jiwe, akaendelea kutembea, akageuka kunitazama kama aendelee.

"Mimi nilipima kutoka jiwe hili hadi jiwe lile," nilisema. "Bomba limepita kwenye kamba yote."

Mzee mmoja akasimama. "Kwa hiyo roli aliiba nani?"

"Hakuna aliyeiba, Mzee. Roli hizo hazikuwahi kuletwa. Niliagiza chache kwa sababu nilipima vibaya. Krispin alisema kweli tangu siku ya kwanza."

"Na wewe ulisema mashine haina ndugu kijijini."

Kumbe lilikuwa limefika lote, neno kwa neno. "Nilisema," nilijibu. "Naomba radhi kwa neno hilo, na kwa mengine yote."

Ikaanza minong'ono ya Kifipa ambayo sikuielewa, kisha mwenyekiti akaomba radhi kwa niaba ya kamati, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Watu walipiga makofi. Krispin hakupiga. Watu walipotawanyika, wengine wakimshika mkono na wengine wakipita mbali kwa aibu, alinijia.

"Nashukuru, mtaalamu. Lakini mama yangu hakuja mkutanoni."

"Anaumwa?"

"Tangu niitwe polisi hatoki. Kanisani haendi. Kisimani anatuma watu. Mimi nimemwambia sikuiba, lakini mimi ni mwanawe, ningemwambia nini kingine? Twende ukamwambie wewe."

Nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilimkuta bibi huyo jikoni akipepeta ulezi, mgongo mlangoni. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, na Kifipa changu kilikuwa cha sokoni: naomba, bei gani, punguza. Kwa hiyo nilieleza kwa Kiswahili, na Krispin akatafsiri. Nilieleza kona, nikaeleza nukta. Alitafsiri yote kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake.

Bibi aliacha kupepeta. Akasema kitu kifupi.

"Anasema nini?" niliuliza.

Krispin alisita. "Anasema mimi naweza kutafsiri ninachotaka. Anataka aliyekosea aseme mwenyewe."

Nikamuuliza Krispin neno la kosa kwa Kifipa, nikamuuliza na la kusema langu. Nikachuchumaa mbele ya yule mama, magoti yakagusa maganda ya ulezi, nikayasema maneno hayo mawili, kosa langu, kadiri nilivyoweza.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akanisahihisha matamshi, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, na akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akasahihisha tena mwisho wa neno la pili. Mara ya tatu nilipatia. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nikae, akamimina uji. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani; nilisikia kwa mwenyekiti.

Roli nne zilichelewa kupatikana, zikafika mvua zimeshaanza. Lori halikuweza kufika. Watu wakazibeba begani, watu kumi kila roli, kilomita za tope ambazo hakuna aliyezipima. Maji yakafika shuleni. Krispin aliombwa arudi kutunza ufunguo, akakataa. Kwenye kwaya alirudi, ufunguo hakuugusa tena. Sikumlaumu.

Kitu ambacho alikubali, nami nilikiomba kwa kumwogopa kidogo, ni kushika upande wa pili wa futikamba. Nilimwambia naenda kupima njia ya kijiji cha jirani na nataka mtu asiyeniamini. Akasema, "Hapo umempata." Ofisi ikamwajiri kibarua, na tangu hapo taarifa zangu zote zilikuwa na saini mbili.

Hatukukitupa kifaa cha GPS. Msije mkasema Mama Tumpe alichukia mashine. Vilivyofuata vilikuwa bora, vikaweka nukta kila sekunde, na leo mna simu na saa za mkononi zinazojua mlikoamkia. Lakini fanyeni hivi. Kwenye kila njia, chagueni kipande cha mita mia mbili chenye kona na mteremko kuliko vyote, mkipime kwa futikamba iliyolala chini, mlinganishe. Pimeni kwenda na kurudi. Namba zikipishana, msichague mnayoipenda. Chini ya miti tembeeni polepole na muangalie kama nukta zinafuatana au zinaruka. Andikeni kifaa gani, kimepangwaje, kulikuwa na mawingu au hapana. Nilimwona kijana mmoja ofisini mwaka jana akiwa na simu, saa na kifaa cha mkononi, vyote vitatu vimepita njia moja, na vyote vitatu havikubaliani. Akaniuliza achukue namba ipi. Nikamwambia aandike zote tatu kisha akatafute futikamba. Akasema, "Mama, unazingua." Alikwenda lakini.

Njia yangu ya mwisho ilikuwa wiki tatu kabla ya kustaafu. Ilikuwa fupi, kilomita mbili na kidogo, kijiji cha karibu na mjini, goti langu la kushoto likiwa limeshaanza kustaafu kabla yangu. Krispin amezeeka pia, nywele nyeupe, lakini anatembea kama zamani. Tulikuwa na kifaa kizuri, kipya. Katikati ya njia familia moja ilitukaribisha chai na viazi, tukakaa kama dakika arobaini chini ya paa la bati, tukazungumzia bei ya mbolea. Tulimaliza saa nane. Nikaandika namba kwenye fomu, nikasaini, nikampa kalamu.

Hakuipokea.

"Tulipokuwa tunakunywa chai," alisema, "ulikisimamisha?"

Nikafikiri. Sikukisimamisha. Kilikuwa mezani karibu na sahani ya viazi, kikiendelea kuuliza setilaiti kiko wapi, na setilaiti chini ya bati hazina jibu moja. Kila jibu likiwa pembeni kidogo ya lililotangulia, nacho kinaweka nukta, kinajumlisha. Mtu amekaa, mashine inatembea.

"Krispin, ni mita chache tu," nilisema. "Goti linaniuma."

"Chache ngapi?"

"Sijui."

"Hujui," alikubali, akarudisha kalamu mfukoni mwangu yeye mwenyewe. "Twende."

Tukarudi mwanzo wa njia, tukaipita yote upya, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo niliyokata kichakani. Hakunisubiri, ila kwenye miteremko alipunguza mwendo bila kugeuka. Tulipofika mwisho jua lilikuwa limeegemea vilima. Tofauti ilikuwa mita hamsini na tatu. Nikakata namba ya kwanza kwa mstari mmoja, ili isomeke, nikaandika ya pili pembeni yake. Krispin aliisoma kwa sauti. Akaisoma tena. Halafu akaomba kalamu, akasaini.